Mpaka Alitamke Jina la Dhuha

“Duha,” alisema Gavin.

“Bado. Tena.”

“Duuha.”

Ustadhi Fathallah alishika kichwa. Tangu alasiri walikuwa kibarazani, ghorofa ya tatu, mji mzima wa Tanta ukipiga honi chini yao, na huyu Mwingereza alikuwa akilipapasa jina la mtu kama anayetafuta miwani yake gizani. Herufi ya kwanza ilimtoka nyepesi kama povu. Ile ya katikati, inayotaka kukwangua koo, kwake ilikuwa pumzi ya mtu aliyechoshwa na ngazi.

“Ulimi, Gafin! Ulimi! Ulaze ubavu, uguse magego, halafu ujaze mdomo. Nani kakwambia useme kwa meno ya mbele? Meno ya mbele ni ya kung’atia mkate!”

“Samahani, ami.”

“Usiniombe samahani. Tena!”

Walishajaribu kila dawa. Kijiko cha kubania ulimi, kioo cha bafuni, maji ya chumvi ya kusukutua, mpaka jirani wa chini akauliza nani anaumwa. Mtu mzima, mhandisi wa reli, anayeweza kuliamsha garimoshi lililokufa, anashindwa na herufi mbili ambazo watoto wa chekechea wanazimudu huku wamejaza peremende mdomoni! Ustadhi damu ilikuwa ikimchemka. Kwamba yeye mwenyewe alimwita mwenzake Gafin tangu siku ya kwanza, hilo halikumpitia akilini, na Gavin hakuwahi kumsahihisha.

Ila alikuwa amejifunga mwenyewe. Jina la bintiye wa pekee alilichagua yeye, makusudi, kwa ajili ya ile herufi ya kwanza ambayo Waarabu hujigamba kuwa ni yao peke yao. Basi Gavin alipokwisha kusilimu na kuja kuposa, na Fatiha ya uchumba ikasomwa, Ustadhi alisimama mbele ya kaka zake akala yamini: hatampa mkono wa ndoa mtu asiyeweza kulitamka jina la mwanawe. Watu wakacheka. Hawakujua kwamba mzee kashika kani. Sasa kazi ya Gavin ilikuwa inamalizika mwezi huohuo, arudi kwao Leeds, na Dhuha alikuwa ameshafungasha sanduku, akalifungua, akalifungasha tena. Alikuwa ameacha kula na baba yake meza moja.

“Pumzika,” Ustadhi alisema hatimaye. “Kunywa chai. Umeniua.”

Gavin akachukua gilasi. Alikuwa hoi, shati limemganda mgongoni, na macho yake yalikuwa kwenye nguo zilizoanikwa kibaraza cha pili. Akanywa funda moja, akauliza, hana hili wala lile, “Kwani Dhuha hajarudi kutoka kazini?”

Jina lilitoka zima. Zito palipotaka uzito, na koo likakwangua palepale panapokwangua. Ustadhi mwenyewe asingelitamka vizuri zaidi. Jikoni, kisu cha mkewe Inshirah, kilichokuwa kikikatakata majani ya mlukhiya, kilinyamaza.

Gavin alikuwa wa mwisho kugundua. Akageuka, uso umemchanua. “Ami! Nimepatia?”

Ustadhi alitazama chai yake.

“Bado,” alisema. “Tena.”

Uso wa kijana ukafifia. Akalaza ulimi, akajaza mdomo, akakaza shingo mpaka mishipa ikatoka, na jina likaharibika kuliko mwanzo.

Alipoondoka, Inshirah alitoka jikoni na kisu chake mkononi.

“Wewe mwanamume! Nimekusikia.”

“Umesikia nini?”

“Nimemsikia yeye, kisha nikakusikia wewe. Miaka yote umefundisha, umewafelisha watoto wa watu mpaka mama zao wakaja kulia mlangoni hapa. Hujawahi kumfelisha aliyepatia. Leo umeanza na mume wa mwanao?”

“Hakupatia sawasawa.”

“Fathallah!”

Ilikuwa nadra sana kumwita hivyo, bila Ustadhi, bila baba Dhuha. Mzee akakaa kitako kwenye kiti alichokuwa amekalia mwanafunzi wake.

“Akipatia anamchukua,” alisema. “Umelielewa hilo, Inshirah? Akipatia tu, anamchukua. Nimemfundisha kwa moyo wangu wote, wallahi, na kila siku nimemwomba Mungu kijana asilipatie.”

Inshirah aliweka kisu mezani, kisha akaenda kuzima jiko kwa sababu mchuzi ulikuwa unaungua.

Asubuhi Ustadhi alimpigia simu maadhuni, yule mwenye kufungisha ndoa.

Alhamisi sebule ilijaa. Ustadhi na Gavin walikaa uso kwa uso, mikono yao ya kulia imeshikana, leso nyeupe imefunikwa juu, na maadhuni akaanza kumlisha baba maneno ya kumwozesha binti. Ustadhi aliyafuata vizuri, kwa sauti ile iliyotisha madarasa. Akafika kwenye jina. Akalisukuma haraka.

“...Duha.”

Jepesi kama povu. Maadhuni akainua kichwa, maana hata yeye alikuwa mwanafunzi wa mzee huyu, na hakuwa amewahi kumsikia akikosea.

“Bado!” Inshirah alipaza sauti kutoka upande wa wanawake. “Tena!”

Watu wakaangua kicheko, na Dhuha akacheka nao huku wanja unamchuruzika. Ustadhi alitaka kukasirika. Alifungua mdomo, lakini machozi yalikuwa yamewahi. Ndipo chini ya leso akahisi mkono wake unabanwa, na Mwingereza akamnong’oneza, polepole, bila dhihaka yoyote:

“Laza ulimi, ami. Uguse magego.”

Mzee akavuta pumzi. Akalaza ulimi. Akalitoa jina la mwanawe lote, zito, likasikika mpaka kwa jirani wa chini. Gavin akakubali, akalirudia, naye hakukosea hata kidogo.

Maadhuni alipovuta leso, mkono wa Gavin ulikuwa umeshalegea. Wa Ustadhi bado ulikuwa umeshika.

“Uachie, ustadhi wangu,” alisema maadhuni. “Ndoa imeshafungwa.”

“Subiri,” alisema Ustadhi Fathallah. “Subiri kidogo.”