Pua ya Fundi

Wateja walimwita mume wangu Pua. Mafundi wengine hufungua boneti kwanza; yeye aliinama nyuma ya gari, akanusa moshi wa ekzosi, kisha akakutajia ugonjwa. Mimi nauza vipuri kwenye duka lililoshikana na gereji yake, na nilizoea kuwa na kipuri mkononi kabla hajakiomba.

Ndiyo maana gari la mkunga lilitutia aibu. Taa ya injini ilikuwa inawaka na gari linakunywa mafuta bila huruma. Pua akabadilisha plagi, likarudi. Akabadilisha kichujio cha hewa, likarudi tena. Mafundi wa ng'ambo ya barabara wakaanza kusema Pua amezeeka, na yeye mwenyewe akaanza kuzungumzia kuuza spana zake. Nilimwambia akiuza spana aniuze na mimi, lakini hakucheka.

Mara ya tatu mkunga alipolileta, harufu ya petroli ilinifuata mpaka nyuma ya kaunta. Pua aliinama kwenye ekzosi, akafumba macho kama kawaida yake, akavuta pumzi.

"Moshi safi kabisa," akasema.

Mdomo wangu hauna breki, mtaa mzima unajua, lakini siku hiyo niliufunga. Nilimkaribisha mkunga akae dukani kwenye kiti changu, nikamvuta mume wangu pembeni.

"Husikii harufu?"

Alifuta mikono kwa kitambaa kilichokuwa kichafu kuliko mikono yenyewe. "Tangu yale mafua, mama watoto. Yalipoondoka, yaliondoka na harufu zote."

"Na mchuzi wangu unaousifia kila jioni?"

Akakikunja kitambaa mara mbili.

"Kumbe ulikuwa unanipaka mafuta kwa mgongo wa chupa!"

Nilikasirika kweli. Kisha nikaona anavyonitazama, kama mtu anayesubiri kufukuzwa kazi, hasira zikaniisha. Nikamwambia, "Linanuka petroli. Petroli mbichi, inachoma."

Hapo akachangamka. "Basi injini inalishwa kupita kiasi."

Akaitoa mashine ya kupimia, ambayo huitoa akishindwa tu, na yeye hapendi kushindwa. Akaichomeka chini ya usukani, akanionyesha namba ya sensa ya oksijeni, ile inayokaa kwenye bomba la moshi na kuiambia kompyuta ya gari iongeze mafuta au ipunguze. Injini ikipata moto, namba hiyo hupanda na kushuka bila kutulia. Hii ilikuwa imelala chini. Akakagua bomba, halikuvuja. Akakagua waya, mzima. Akapuliza dawa ya kusafishia kabureta kwenye njia ya hewa, ambayo ingepaswa kuirusha namba juu. Haikutikisika.

"Imekufa hii," akasema. "Kutwa inaiambia kompyuta kuwa mafuta ni kidogo, na kompyuta inaamini."

Nikaleta sensa mpya. Ya zamani aliifungua kwa spana yenye mwanya wa kupitisha waya, huku akiguna, maana kutu ilikuwa imeing'ang'ania. Mpya akaikaza bila kugusa ncha yake. Akawasha injini, tukasubiri ipate moto. Namba ikaanza kupanda na kushuka.

"Nusa," akaniambia.

Nikapiga magoti kwenye saruji na gauni langu la dukani. Nilisikia joto na vumbi. Petroli hakuna.

Mkunga akatoka. "Pua, safari hii una uhakika? Wajawazito wangu hawasubiri gari."

Nilifungua mdomo nimsitiri mume wangu, akanitangulia.

"Muulize mke wangu," akasema kwa sauti, mafundi wa ng'ambo wakisikia. "Pua yangu haifanyi kazi tena. Aliyenusa ni yeye."

Mkunga alinigeukia. "Liko sawa, mama?"

"Liko sawa."

Akapanda, akaondoka.

Jioni nilipompakulia, mume wangu hakusifia kitu. Alishika kijiko, akakiweka chini.

"Niambie mchuzi unanukiaje," akasema.

Nikasogeza kiti karibu yake, nikaanza na vitunguu.