Ubatizo wa Mtoto wa Mkate

"Haya, mtoto huyu anaitwa nani?" aliuliza Nicanor, mwokaji mwenzao, gunia tupu la unga mabegani kama joho la padre, na wanawake wote kwenye chumba cha mikate wakaangua kicheko.

Hilario hakucheka. Alikuwa mbele ya tanuri, akitoa watoto wa mkate, mikate iliyofinyangwa kama vichanga, kwa ubao mrefu, kila mmoja na sura ya plasta yenye mashavu mekundu. Kesho ilikuwa Sikukuu ya Watakatifu Wote, na mji mzima wa Oropesa ulitaka watoto hao wa kupeana zawadi. Mkewe, Fortunata, alikuwa amempakata mmoja, kwa kuwa wenzake walimchagua awe mama wa ubatizo. Ulikuwa mchezo wa kila mwaka, kuibatiza mikate kwa utani. Mwaka huu Hilario alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Aitwe Domitila," alisema Fortunata, akitabasamu.

Mimba tatu zilikuwa zimemtoka, na ya kwanza aliisubiri miaka sita. Aprili mwaka huu, baada ya mimba ya pili kutoka, daktari wa Cusco aliwaambia bila kuzungukazunguka: mji wa mimba umevimba kwa ndani kwa maambukizi ya muda mrefu, hata kama hauumi, na huenda ndiyo sababu mimba inashika lakini haikai. Akawapa vidonge wote wawili, wiki mbili, wasije wakaambukizana upya. Pombe marufuku.

Fortunata alimeza vyake kwa saa. Hilario naye alikuwa mchezaji ngoma wa Sikukuu ya Msalaba, mwanzoni mwa Mei, na mchezaji akikataa bilauri ya pombe ya mahindi amemtukana mwenye shughuli. Akaacha vidonge ili anywe, akasema ataanza tena kesho. Kesho ikawa kesho kutwa. Mwishowe akavitupa vidonge motoni na kumwambia mkewe kwamba amemaliza.

Mimba ya tatu ilitoka Agosti. Daktari alipopima tena, uvimbe ulikuwa pale pale. "Mlimaliza dawa wote?" Hilario alimwahi mkewe kujibu: "Ndiyo."

Juzi Fortunata alimwambia kuwa sikukuu ikiisha atahamia kwa dada yake, Sicuani. "Wewe bado kijana. Tafuta mwenye tumbo zima." Naye akanyamaza. Mwanamume mzima, ndevu kidevuni, akanyamaza!

Nicanor alichovya ufagio kwenye ndoo na kuwarushia watu maji. "Mama wa ubatizo, unaahidi kumtunza?"

"Mshike vizuri, binti," alidakia Mama Eufrasia, mama yake Hilario, kutoka kwenye benchi. "Huyu naye usije ukamdondosha."

Mwanamke mmoja alicheka, kisha akajuta. Fortunata bado alikuwa anatabasamu, na tabasamu hilo ndilo lililomshinda Hilario.

"Kweli, mama," alisema Fortunata. "Mwili wangu haujui kushika."

"Mama, mwache!" Hilario aliuegemeza ubao ukutani. "Ni mimi."

"Wewe nini? Toa mikate, inaungua."

"Sikumeza dawa. Nilikunywa pombe kwenye Msalaba, dawa nikazichoma. Yeye alimeza zake zote. Daktari nilimdanganya."

Nicanor alilivua gunia polepole.

Fortunata alimlaza mtoto wa mkate mezani. "Ulimeza vingapi?"

"Vinne."

"Vinne." Alijifuta unga mikononi, kidole kwa kidole. "Nilikuuliza, Hilario. Nikiwa kitandani, damu inanitoka, nilikuuliza nimekosea wapi."

"Najua."

"Ukaniambia ni mapenzi ya Mungu."

Hilario alitaka mkewe amtukane, ampige hata kwa ubao ule, na aibu yake ilizidi kwa kuwa alitaka hayo ili yeye mwenyewe apate nafuu.

"Jumatatu tunakwenda Cusco kwa daktari," alisema Fortunata. "Utaongea wewe. Mimi nitakaa nikusikilize."

"Na Sicuani?"

Fortunata alipita katikati ya wanawake, nao wakampisha, akaenda kuketi kwenye ngazi ya mlangoni, juani. Ndani, mikate ilianza kunuka moshi, na Mama Eufrasia akainuka mwenyewe kuitoa. Hilario alimfuata mkewe hadi mlangoni. Ngazi ile ilitosha watu wawili. Fortunata hakusogea, wala hakumwambia aondoke, na Hilario akabaki amesimama nyuma yake, mikono imejaa unga, asijue kama aketi.