Bati la Baba Juu ya Keria

Mume wangu aliposema atapima upepo ndani ya nyumba, nilikwenda kufunga madirisha. Nilidhani ni utani, na mimi si mtu wa kupitwa na utani. Yeye hakucheka. Aliweka kompyuta kwenye meza ya jikoni, akasogeza mboga zangu bila ruhusa, akanieleza kuwa amepakua programu ya bure kabisa, ambayo watu wameiandika wakaiachia dunia nzima. Unalichora gari lako humo, unalipulizia upepo, nayo inakuonyesha upepo unalishikia wapi.

"Kwani upepo wa nje una kasoro gani?" nikamuuliza.

"Wa nje hauonekani, mke wangu."

Shida yake niliijua. Anasambaza mikate kwa gari letu wenyewe, kigari cha mizigo chenye mgongo mrefu na pumzi fupi. Barabara kuu ikianza kupanda, linahema mpaka wenye baiskeli wanampungia mkono. Na bosi wa bekari alikuwa ameshasema: mikate ya mji wa mbali ikifika tena maduka yakiwa yamefunguliwa, njia ile atapewa dereva mwingine. Njia ile ndiyo inayotuweka mjini.

Kilichokuwa kinamchelewesha tulikijua sote wawili, ila hakuna aliyekuwa na kifua cha kukitaja. Juu ya gari kuna keria aliyoitengeneza baba yangu, zawadi ya harusi. Baba ni fundi wa kunyoosha bodi za magari yaliyogongwa, mtu wa sauti kubwa na mkono mzito. Mbele ya keria, juu ya kioo, alifunga kwa boliti bati pana lililosimama wima kama ubao wa darasani. "Urembo," alisema siku ile, na wageni wakapiga makofi. Sasa nani atamwambia kwamba urembo wake unatuvuta nyuma? Si mume wangu. Tangu alipoleta posa, baba hajawahi kumwita kwa neno lolote isipokuwa "dereva", kwa sauti ya mtu anayetaka kushushwa kituo kinachofuata.

"Mimi sitamwambia," mume wangu akasema. "Kompyuta ndiyo itamwambia."

Basi nikalipima gari kwa futi yangu ya kushonea. Mimi ni fundi cherehani, najua kupima: nikachukua mabega, kiuno na urefu wa mgongo, naye akachora. Alichora kila kitu, mpaka kreti tupu za mikate zinazopangwa juu ya keria nyuma ya lile bati. Kisha programu ikaukata upepo vipande vidogo vidogo, ikaanza kukokotoa kipande kimoja kimoja kinapita wapi. Vipande vilikuwa vingi na kompyuta ni kuukuu. Feni yake ilinguruma siku nzima, na kesho yake, na keshokutwa. Umeme wa nyumba yetu haubebi mambo mawili makubwa, kwa hiyo nikapigwa marufuku kuwasha pasi.

Nilichukia. Nilikuwa na oda ya sare za shule, nazo zikatoka na mikunjo kana kwamba wanafunzi wamelala nazo. Mume wangu anaipepea kompyuta kwa kifuniko cha sufuria, mimi nanyoosha kola kwa kuzikalia. Wateja wakauliza kulikoni, nikawajibu kwamba nyumbani kuna upepo.

Jumapili baba akaalikwa chai. Majibu yakafunguliwa mbele yake: gari letu limepakwa rangi, nyekundu panapogongwa sana na upepo, bluu palipotulia. Bati lilikuwa bluu tupu. Mume wangu akakodoa macho.

"Bluu ndiyo nini, dereva?" baba akauliza.

"Ni... ni kwamba halina shida, baba."

Baba akainuka. Akamwekea mkwewe mkono begani, jambo ambalo sijawahi kuliona tangu niolewe, kisha akatoka kwenda kuwatangazia majirani getini kwamba kompyuta imelisifu bati lake. Sauti yake ilifika mpaka kwa kinyozi wa mtaani kwetu. Kabla chai haijapoa, majirani wawili walikuwa wameagiza mabati ya kufunga juu ya magari yao.

Nilibaki mezani nikitazama ile mistari ya upepo. Cherehani imenifundisha kutazama jambo kwa upande wa nyuma.

"Mbona upepo unaanzia huku nyuma, kwenye mlango wa mikate?" nikauliza.

Mume wangu akainama. Akatazama skrini, akatazama dirishani, akakaa chini. Gari tunaliegesha uani pua ikiwa ukutani, upande wa kulia ukitazama kutoka jikoni, na yeye alilichora vilevile alivyoliona. Ila upepo wa ile programu unatoka kushoto. Ulikuwa unagonga kreti kwa nyuma, na bati limejificha mbele yake. Kwa hesabu zile, mume wangu alikuwa anasambaza mikate kinyumenyume.

"Tunyamaze," akasema kwa sauti ndogo.

"Unyamaze mpaka unyang'anywe njia?"

"Kanishika bega, mke wangu. Umeona?"

Nilikuwa nimeona. Hilo ndilo lililonifanya nisimpigie kelele, na mtu anayenijua anajua kwamba si kawaida yangu.

Hata hivyo aliligeuza gari kwenye mchoro, akaipa kompyuta kazi upya, na mimi nikarudi kukalia kola. Ilipomaliza nilimwita baba mwenyewe, nikiwa nimejiandaa kusimama katikati yao. Safari hii bati lilikuwa jekundu kama jiko la mkaa.

"Baba, nilikosea," mume wangu akasema, amesimama wima. "Nililipulizia gari upepo kwa nyuma. Bati ndilo linalotushika."

Baba aliuinamia ule wekundu.

"Najua," akasema.

"Unajua?"

"Nimelifunga mimi. Kila gari ninaloletewa kunyoosha, lilikuwa linakimbia. Mengine naletewa damu haijakauka." Akaninyooshea kidole bila kunitazama. "Na huyu ndiye niliye naye, sina mwingine. Nikasema sawa, achukuliwe. Lakini achukuliwe polepole."

Machozi na hasira vilinijia kwa pamoja. Nikaanza na hasira.

"Baba! Miaka yote hii unaniambia urembo!"

"Kwani bati lenyewe baya?"

Mume wangu hakucheka wala hakuinua sauti. "Baba, bati likitoka sitakimbia. Gari litapanda mlima tu."

"Hiyo ipo kwenye kompyuta yako?"

"Haipo."

"Basi nitapima mwenyewe," baba akasema, akaomba spana.

Bati likatoka. Kinyozi alilichukua likawa kibao chake, na wale majirani wawili wakaambiwa kwamba fundi ameishiwa mabati. Alfajiri iliyofuata baba alikuwa ameshakaa kiti cha mbele na ovaroli lake, mikate ikiwa nyuma. Njia nzima, mume wangu anasema, mguu wa mzee ulikuwa unakanyaga breki ambayo haipo.

Walifika mji wa mbali maduka yakiwa bado yamefungwa. Mwenye duka la kwanza alifungua mlango, akaona mikate inamsubiri, akashangaa. "Leo mmekimbia jamani!"

Baba akatoa kichwa dirishani. "Nani kakimbia? Mwanangu hakimbii."

Mume wangu alinisimulia haya akiwa amesimama mlango wa jikoni na kreti tupu mikononi. Alilirudia lile neno moja, "mwanangu," kisha akageuka akajifanya anatafuta pa kuziweka kreti.