Kofi la Matangani

…na nani kasema jumbe haombi radhi, yeye Mwishehe hakusema hivyo, alisema tu kofi likishatoka halirudi, basi, na sasa mikono yenyewe hii hapa ameikinga juu ya beseni, shangazi Biasha kashika birika la kunawia lakini hamimini, "Haya nawa wewe, Jumbe, uonje, si ndiwe mtani sasa?" na huko nyuma mtu anakohoa kicheko, maana pilau ya arobaini imeshapakuliwa na mtani hajaja, na mtani asipoonja kwanza tanga la mama halivunjiki, hilo Kisarawe nzima inalijua, Mwishehe ameshatuma watu mara mbili kwa Kasiani, Mnyamwezi yule mfyatua matofali, mara ya kwanza na salamu, mara ya pili na amri, ndiyo, amri, kama anayeita mshitakiwa barazani, na jibu likarudi, "Mwambieni Jumbe shavu langu halijambo, mkono wake je?" wakacheka, walimcheka yeye, na wanamjua, hasira zake moto wa mabua, zinawaka zinazima, hana kinyongo, mtu wa moja kwa moja, herufi kajifunza mwenyewe kwa mkaa ukutani, Bwana Shauri, mzungu wa boma, alimsifu kwamba baraza lake halina maneno mengi… halina, kwa sababu anawakata watu kauli, juzi tu kamkaripia Zahoro kwa kumpiga mkewe, "Asiyejizuia mwenyewe atamwongoza nani?" na Zahoro aliutazama tu mkono huu, afadhali angejibu… na Kasiani alifanya nini siku ile ya msiba, si kazi yake ya utani tu, alijifunga kanga ya marehemu mama, akachechemea vile vile kama yeye, akaita toka jikoni kwa sauti ya puani, "Mwishehe! We Mwishehe! Njoo uihukumu mboga, imeungua bila ruhusa ya serikali!" na waliokuwa wakilia wakaangua kicheko, shangazi Biasha akacheka mpaka akashika nguzo, ndiyo kazi ya mtani, kuwatoa watu kilio kooni, mababu walipatana hivyo, mtani haguswi, na yeye akainuka akampiga, mama bado yumo ndani hajatolewa kwenda kuzikwa, akampiga mtu aliyevaa nguo ya mama… "Kanitukania mama," alisema, na siku zote arobaini anasema hivyo, uongo, uongo mtupu, na wewe unayejisifu husemi uongo, tusi halikuwapo pale, ilikuwapo sauti, sauti ile ile iliyomwita toka kitandani wiki ya mwisho, yeye yupo uani na karani wa boma wanapanga zamu za barabara, "Mwishehe," "nakuja," "Mwishehe," "nimesema nakuja, mama, kwani huoni nina kazi!" kwa ukali, karani aone jumbe hachezewi, na hakwenda mpaka kazi ikaisha, naye mama hakuita tena… kwa hiyo Kasiani alipoita, kabla ya hasira, kabla ya mkono, mdomo ulikuwa umeshafunguka, Mungu shahidi, alikuwa anaitika, naam mama, naja sasa hivi, na kilichotokeza mlangoni kikawa ndevu za Mnyamwezi ndani ya kanga… ndicho alichokipiga, kwamba siye mama, tusi gani, hakuna tusi… "Watu wana njaa, mwanangu," shangazi anasema, safari hii hamwiti Jumbe, mikono bado imekingwa, mikavu, na kutoka hapa hadi kwenye tanuri la matofali ni kuteremka kilima kimoja tu, kwa miguu, bila tarishi, na Kasiani atamsimanga mbele ya wafyatuaji wote, atamwita mtumwa wake, atamwita kila jina alilokosa kuitwa siku hizi arobaini, na lazima amwache amalize, asimkate kauli, asimame tu asikilize mpaka mwisho, halafu aseme… aseme nini, radhi peke yake ni neno jepesi, radhi huombwa hata na aliyekukanyaga njiani, aseme Kasiani, uliipatia sauti ya mama, uliipatia mno, mimi nilikuwa naitika…