Vidole Vinavyopausha

Rugamba, msimamizi wa chumba cha kushonea, aliinua suruali ya bluu mbele ya taa. Mapajani palikuwa na madoa yaliyopauka, ukubwa wa ncha za vidole.

"Hii iko nini, dada Eustadia? Tena?"

Eustadia alificha mikono chini ya cherehani. Alikuwa amenawa kwa sabuni, lakini mikono haikuacha kwenda usoni, na dawa ya chunusi ilipausha kila kitambaa alichoshika. Uso wenyewe ulizidi kuwaka.

"Nenda kwa daktari," Rugamba alisema, sauti ikishuka. "Bosi akiona ingine, kazi imekwisha. Pole, dada."

Daktari Connie aliziweka mezani tyubu mbili za dawa alizokuja nazo Eustadia. "Hii ya antibiotiki umeipaka tangu lini?"

"Tangu mwaka jana. Mwanzoni ilinisafisha kabisa, daktari. Halafu chunusi zikarudi kwa hasira."

"Ukaipaka peke yake?"

"Asubuhi, mchana, jioni."

Daktari alishusha pumzi. "Juu ya ngozi ya kila mtu wanaishi bakteria, mdogo wangu, na wengi hawana ugomvi na sisi. Dawa hii imewaua wapole. Wakorofi wameizoea. Kisha ukaongeza hii inayopausha nguo, ukaipaka mno, ukaichubua ngozi yenyewe. Tuziache zote kwanza, ipoe. Kisha tutaanza upya, kidogo kidogo."

"Nitapona lini?"

"Ni suala la miezi."

Miezi! Kwaya alikwishaiacha. Kioo alikwishakigeuzia ukutani. Alimshika daktari mkono wa sweta. "Nipe kali zaidi. Hata iniunguze, nitavumilia. Nakusihi!" Ghafla akakumbuka vidole vyake, akauachia ule mkono kama aliyeshika kaa la moto.

Alirudi chumbani kwake mikono mitupu. Jioni alinawa kwa maji matupu, akaketi kitandani bila kupaka kitu. Ngozi ilimvuta, ikawasha. Akaikalia mikono yake.

Simu ikaita. Mama, kutoka Bukoba, kwa video. Eustadia aliipokea, akaielekeza darini.

"Mwanangu, mbona naona mabati tu? Wewe uko wapi?"

"Nipo, mama."

"Basi geuza simu nikuone. Tangu Pasaka sijakuona."

Eustadia aliishika simu kwa mikono miwili. Kwenye kioo cha simu, mama yake alikuwa amesogea karibu, miwani puani, akingoja.