Mlango wa Nyuma

Wenzake walimwita Mama Mlango, na jina lilimkaa kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Kila Jumatatu asubuhi, kabla cherehani hazijaanza makelele, mafundi wa ushirika wa kushona sare walifanya kikao palepale kwenye viti vyao vya kazi. Ikifika mengineyo, yeye aliinua mkono na kusema maneno yaleyale: "Mlango wa nyuma uwe wazi saa za kazi."

Hakupaza sauti wala hakuongeza chumvi. Aliyasema kama mtu anayeomba apishwe njiani, kisha wakapiga kura, wakamwangusha.

Mlango ule ulitiwa kufuli tangu majora mawili ya kitambaa yalipoota miguu yakatokea huko. Tangu siku hiyo fundi mkataji, ambaye mdomo wake ulikata kuliko mkasi, alijifanya mlinzi wa kufuli. Mama Mlango aliwahi hata kumweleza: tuweke komeo la ndani, majora yahamie stoo ya mbele. Mkataji akasema hayo ni mawazo ya mtu aliyelala vibaya.

"Olewa na huo mlango basi, tujue moja," alimwambia, na chumba kizima kikacheka. Hata Mama Mlango mwenyewe alicheka kidogo. Ilikuwa nzuri, ungefanyaje.

Ila yeye ndiye aliyekaa pembe ya mwisho, na goti lake la kushoto lilikuwa halikunjiki. Kati yake na mlango wa mbele palikuwa na marundo ya vitambaa, safu za cherehani, na meza za pasi zinazowaka kutwa. Moto ukishika, wenzake watakimbia. Yeye atabaki anapigia hodi kufuli.

Na waliomchosha zaidi si waliompinga, ni waliomuunga mkono chooni. Dada wa pasi alimkuta ananawa mikono, akamnong'oneza, "Dada, mimi niko na wewe kabisa. Ila pale mbele za watu, unajua tena." Wiki nyingine mzee wa vifungo akamvuta pembeni penye birika la chai. "Mwanangu, una haki. Tatizo ni hawa wenzetu." Kila mmoja alidhani yuko peke yake. Mama Mlango alipopiga hesabu aliona ana wafuasi kumshinda mwenyekiti, basi tu ni wafuasi wa chooni.

Jumapili jioni mumewe alikuwa anamkanda goti kwa maji ya moto.

"Kesho wakikataa, narudi na mkasi wangu," alimwambia.

Mume akaacha kukanda. Pale kazini kila fundi alikuwa na mkasi wake, na ulilala kwenye msumari ukutani, nyuma ya kiti chake. Anayeondoka nao ameacha kazi, hana haja ya kuaga.

"Na watoto, mama watoto?"

"Watoto wanamtaka na mama yao pia."

Mume akachovya tena kitambaa kwenye maji. Akaendelea kukanda.

Asubuhi Mama Mlango aliwahi kufika, akautungua mkasi, akauviringisha kwenye kitambaa na kuutia mkobani, ili wakishamkataa asihangaike kuutungua mbele za watu. Kikao kikaenda. Ikafika mengineyo. Mwenyekiti akamgeukia kwa mazoea tu, kama mtu anayeangalia saa.

"Haya, Mama Mlango."

Akafungua mdomo. Maneno yalikuwepo, ila nguvu ya kuyabeba ilikuwa imemwishia.

"Leo sina," alisema.

Mkataji akacheka, akajikuta anacheka peke yake. Dada wa pasi alikuwa ameuona ukuta.

"Jamani, huu msumari mbona mtupu?"

Vichwa vikageuka. Hakuna aliyehitaji kuelezwa.

"Basi nitasema mimi," dada wa pasi akasema. "Mlango wa nyuma uwe wazi saa za kazi."

"Mimi mwenyewe nilikuwa nataka kusema," mzee wa vifungo akadakia.

"Na wewe, mzee?" dada wa pasi akamgeukia.

"Toka zamani."

"Hata mimi," akasema mwingine huko wanakoshona kola. Wakatazamana kama watu waliokuwa wanajificha nyuma ya pazia moja. Mikono ikaanza kupanda. Mkataji akaangalia kulia, akaangalia kushoto, wa kwake nao ukapanda.

"Siku zote nasema," akatangaza, "kufuli si ulinzi. Tuweke komeo la ndani, majora yahamie stoo ya mbele."

"Hilo ndilo wazo," mwenyekiti akasema. "Mpigieni makofi fundi."

Wakapiga. Mama Mlango naye akapiga. Alikuwa na la kujibu, akalipima, akaliona zito, akaliacha lilipo.

Kufuli lilikuwa limeshika kutu, likatolewa kwa nyundo. Upepo ukaingia, vumbi la nyuzi likainuka, watu wakapiga chafya.

"Unaona raha hiyo?" mkataji akamwambia Mama Mlango. "Tungekuwa tumeipata zamani, wewe na ubishi wako."

"Kweli, fundi. Mimi mbishi."

Dada wa pasi akapita na rundo la mashati. "Dada, unabaki?" akauliza, safari hii kwa sauti ya kusikika na chumba kizima.

Mama Mlango akanyoosha mguu kuelekea mlangoni, mahali ambapo haukuwahi kupata nafasi. Akautoa mkasi mkobani, akaufungua kutoka kwenye kitambaa, akakata uzi wa kola iliyomsubiri tangu Ijumaa.