Mama Erte wa Ng'ambo ya Mfereji

Mfereji ule niliuchagua mimi mwenyewe. Ofisi ya kijiji ilipotuambia kwamba erte yetu, yaani kundi letu la nyumba za majirani, imenenepa mno, nyumba ni nyingi kuliko mwenyekiti mmoja anavyoweza kuzijua, niliitwa mimi niliyekuwa mwenyekiti nionyeshe igawanywe wapi. Nikasema mpaka upite kwenye mfereji wa maji ya mpunga, kwa sababu mfereji hauhami na hakuna mtu wa kubishana nao. Wote wakakubali, karani akachora ramani, tukanywa chai. Nilipofika nyumbani mke wangu Rusminah akaniuliza nyumba yetu iko upande gani wa mfereji. Hapo ndipo nilipogundua kuwa nimejichora nje ya kiti changu.

Mwenyekiti wa erte sharti alale ndani ya erte anayoiongoza, na sisi tuliangukia ile mpya, ya upande wa mashariki. Majirani walipokutana kuchagua kiongozi wake walinitaja mimi kwanza, kwa adabu. Nami nikajibu kwa adabu kwamba miaka yote ile ya kugongewa mlango kwa sababu mbuzi wa fulani amekula mihogo ya fulani inanitosha. Wakamchagua Tugimin, muuza mayai ya bata. Nilirudi nyumbani mwepesi, nikipiga mluzi. Kumbe nilikuwa nimesahau kwamba kiti kile tulikuwa tumekikalia watu wawili.

Kwetu mume akishika erte, mke hapigiwi kura na mtu yeyote lakini naye anapata cheo. Anaitwa Mama Erte. Yeye ndiye anaongoza vikao vya akina mama, yeye ndiye anasimamia watoto wachanga wakipimwa uzito, na kukiwa na harusi au msiba yeye ndiye mwenye jiko, anampanga huyu kwenye wali, yule kwenye kukuna nazi. Rusminah alikuwa Mama Erte tangu binti yetu Endah hajaota meno. Wapo watoto wa mtaa ambao hawakujua kuwa ana jina jingine. Basi akalala Mama Erte, akaamka Mama Mugiyo, yaani mke wangu mimi Mugiyo, basi. Na Mama Erte akawa Parti, mke wa muuza mayai, ambaye miaka yote Rusminah alimweka nyuma ya nyumba kuosha masahani.

Nilimwambia ni jambo dogo. Afadhali ningenyamaza.

Wivu wa mke wangu haukuwa wa kelele. Alianza kuzunguka kwa njia ya msikitini akienda sokoni, ili asipite mbele ya nyumba ya Tugimin, ambayo iko hatua chache tu kutoka kwetu. Siku ya kupima watoto alikuwa anasimama nyuma ya pazia anachungulia, ananiripotia kwamba mtoto ameshikwa vibaya, kwamba mizani imewekwa juani, kwamba Parti anacheka na kila mtu kama anagombea ubunge. Kina mama wakipita na sare zao za kikao alikuwa anawatazama mpaka wanakata kona. Yeye mwenyewe alienda vikaoni, lakini alikaa karibu na mlango na hakutamka jina la Mama Erte hata mara moja. Alisema "Parti", kavu, kama bado anaosha masahani.

Siku moja nilirudi kutoka kikao cha wanaume kwa Tugimin nikasema tempe yao, ile mikate ya soya ya kukaanga, ilikuwa nzuri, inavunjika mdomoni.

"Basi kahamie huko ukale," akasema. Jioni ile nilikuta jiko limezimwa na kikapu cha wali kitupu.

Nikamuuliza, mke wangu, unamwonea wivu mtu kwa cheo kisicho na mshahara wala kiti cha kukalia? "Simwonei wivu kwa cheo," alisema. "Wakiita lile jina barabarani, mimi ndiye ninayegeuka. Halafu namwona yeye anaitika."

Kisha Endah akaposwa, na siku ya harusi ikapangwa. Hapo tabu ikawa kubwa, maana harusi ya kwetu hainunuliwi. Mwenye shughuli anakwenda na mkewe kwa mwenyekiti wa erte, wamebeba sukari na majani ya chai, wanaketi, wanasema: tumeelemewa, tunaomba mtusaidie kubeba. Wakishasema hivyo shughuli si yao tena, ni ya erte nzima. Majirani wanakuja kufunga maturubai, vijana wanajipanga kupitisha sahani kwa wageni, akina mama wanahamia jikoni kwako siku kadhaa kabla, na mama wa bibi harusi anakatazwa kugusa hata kijiko. Usipokwenda kuomba, hakuna anayekuja. Si kwa chuki, bali hawajaitwa.

Rusminah alisema hatakwenda. Hawezi kupiga magoti kwa mtu ambaye yeye mwenyewe ndiye aliyemfundisha kuchagua fenesi.

Akavuka mfereji, akaenda kwa rafiki yake Ngatini, shoga yake wa jiko la zamani, akamwomba awalete wanawake wa upande wa magharibi waje kupika, kama enzi zile. Ngatini alimsikiliza mpaka mwisho, akamjazia chai, akamwambia watakuja wote, wamevaa vizuri, wameleta zawadi, watakaa kwenye viti na kula. Jikoni hawaingii. Waingie vipi kwenye jiko la erte ya wenzao, Mama Erte wake yupo hai na ana mikono miwili? Huko ni kumvua mtu nguo barabarani. Rusminah akarudi amevimba, akasema basi tutaleta wapishi wa kulipwa kutoka mjini. Endah alikuwa anapiga pasi. Akaiweka pasi chini.

"Mama," alisema, "ukileta wapishi wa mjini, siku ukifa nitamwita nani aje kukuosha? Watu wa mjini?"

Kesho yake tulikwenda kwa Tugimin na sukari yetu. Mimi nilisema yale maneno ya kuomba, kwa sababu mke wangu alikuwa amekaza meno. Tugimin akapokea kwa unyenyekevu. Parti alileta chai, akaketi kwenye ukingo wa kiti, akamwuliza Rusminah kama anapenda mchuzi wa kuku uwe mzito au mwepesi, na viazi vikatwe vipi. Rusminah akajibu afanye anavyoona. Njiani nilimsifu kwa kujizuia. Akaniambia nisimsemeshe.

Wakaja, na ninasema ukweli, lile jiko lilikwenda vizuri kuliko nilivyowahi kuona. Enzi za Rusminah jikoni kulikuwa na amri. Sasa kulikuwa na vicheko. Parti alikuna nazi pamoja na wenzake, akaosha masufuria mwenyewe, na hakuna aliyelala na kinyongo kwamba kapewa kazi ya chini. Mke wangu alikaa chumbani akisikiliza. Kila wakicheka alikuwa anauliza wanacheka nini. Nilimwambia wanacheka upuuzi. "Kwangu hawakucheka," alisema. "Kwangu walifanya kazi." Lakini macho yake yalikuwa mlangoni.

Siku yenyewe iliingia. Alfajiri, kabla mpambaji hajafika, nilijipenyeza jikoni nikaomba kionjo cha mchuzi wa kuku wa nazi. Parti akanimiminia kidogo kwenye kisahani. Mungu ananiona, sijala mchuzi kama ule. Chumvi imetulia, tui limekolea, unataka kulamba kisahani. Nikamwambia hivyo, na akafurahi sana, maana sisi hatuna desturi ya kusifiana usoni.

Saa chache baadaye Rusminah alikuwa chumbani mbele ya kioo, nywele zimefungwa kifundo, nyusi moja imechorwa na nyingine bado. Mmoja wa akina mama akapaza sauti kutoka jikoni.

"Mama Erte, njoo uonje mara ya mwisho tupakue."

Rusminah akainuka. Mpambaji akabaki ameshika kalamu hewani. Nilikuwa nimekaa kizingitini nafunga viatu, nikamwona anapita mbio na vazi lake la sherehe, anaingia jikoni, anasema, "Nimekuja."

Wanawake walimtazama, kisha wakatazama chini, mmoja akaanza kuchambua kitunguu kilichokwisha kuchambuliwa. Nilimwona mke wangu anaelewa. Uso ulimshuka, na ile nyusi moja ikazidi kumfedhehesha. Nikatamani ardhi inimeze mimi niliyechora mpaka.

Parti, aliyekuwa anaingia kutoka uani kuitika wito ule ule, akapangusa upawa kwa nguo yake, akauchovya kwenye jungu, akamnyooshea kwa mikono miwili. "Ndiyo, Mama," alisema. "Tunakusubiri wewe utuonjee."

Rusminah akaonja. Nilikuwa namtazama kwa karibu, na baada ya miaka yote ya kuishi naye naujua uso wake ukikutana na kitu kitamu. Alifumba macho kidogo tu. Akayafumbua.

"Chumvi haijafika," alisema.

Parti akautazama upawa. Kisha akachukua chumvi, akaongeza, akakoroga, akamnyooshea tena.

"Bado."

Akaongeza tena, kiganja kizima. Wanawake wakatazamana. Rusminah akasema sasa sawa, akageuka, akarudi kwenye kioo chake.

Wageni walikaa kwenye mistari yao, vijana wa erte wakapitisha sahani kutoka mkono hadi mkono, na mchuzi ulipofika niliona vikombe vya chai vikiinuliwa kote chini ya turubai kwa pamoja. Wakwe zetu walikula kimya kimya, kwa heshima, huku wanameza kwa nguvu. Vijana waliokuwa wanapitisha wali wakawa wanaombwa maji. Na kwetu chakula kikizidi chumvi kuna utani wake, kwamba mpishi anatamani kuolewa. Nikausikia ukianzia safu za nyuma: Tugimin akae macho, Mama Erte anatafuta bwana mwingine. Wazee wakaucheka, vijana wakaupeleka mbele, mpaka ukamfikia Tugimin mwenyewe aliyekuwa anapokea wageni langoni. Alicheka nao, masikini, masikio yamemwiva. Jukwaani, pembeni ya bibi harusi, mke wangu alikaa wima, akitabasamu kwa ajili ya picha. Mimi nilikuwa upande wa pili wa maharusi, nami nilitabasamu.

Baada ya harusi kuna kikao cha kuvunja kamati. Tuliwapikia majirani sisi wenyewe, wakaja baada ya sala ya alasiri, wakakaa kwenye mikeka. Ni desturi mwenyekiti aombe radhi kwa mwenye shughuli kwa niaba ya erte, kwa kila kilichopungua. Ni maneno ya kawaida, hakuna anayeyasikiliza, watu huwa wanatazama keki za mchele. Tugimin akayasema. Alipomaliza Parti akainuka kutoka upande wa akina mama, jambo ambalo si la kawaida, na akina mama wakaacha kunong'ona.

"Na mimi naomba radhi," alisema. "Chumvi ya siku ile ni mkono wangu. Nimewaaibisha Mama na Baba Mugiyo mbele ya wakwe. Mnisamehe."

Wale wanawake wote waliokuwepo jikoni walisikia. Nilimtazama mke wangu, nikimwomba kwa macho, na nadhani aliniona. Alilaza mikono mapajani.

"Tumesamehe," akasema Rusminah.

Watu wakala, wakaaga, wakaondoka. Parti alibaki nyuma akikusanya majungu ya erte, na Rusminah, kwa adabu ya mwenye nyumba, akamsindikiza mpaka langoni. Nilikuwa nafagia ua, karibu nao kuliko walivyodhani.

"Mama, mchuzi ulikuwa sawa tangu alfajiri," Parti alisema polepole. "Nilijua, na wewe ulijua. Ila ulikuwa umeinuka, watu wote wanakutazama. Ningekukatalia pale, ungerudi chumbani na uso gani, siku ya mwanao?"

Hakungoja jibu. Alijifunga jungu kubwa kiunoni kwa kitambaa, akaaga vizuri, akaenda zake.

Mke wangu alibaki ameshika lango. Nilidhani atalia, au atanigeuzia mimi hasira, kwa sababu ndiyo njia yake. Nikauegemeza ufagio ukutani nikamwendea.

"Umesikia?" akaniuliza.

Nikasema nimesikia.

"Mimi nilikuwa Mama Erte miaka yote ile," alisema, "na mtu angenifanyia vile jikoni kwangu, ningemuumbua papo hapo. Wala nisingefikiria mara mbili." Alikuwa bado anamtazama Parti akielekea kwake na jungu. "Yaani hata hilo amenishinda."

Sikumbishia, maana ilikuwa kweli.